Barua kwa vijana wetu wa Mildura na Shepparton, Australia, wanaocheza futi (kandanda ya Kiaustralia, ya mpira wa umbo la yai)

Wanangu,

Kasi mnayo, pumzi mnayo, kuruka ndiyo usiseme. Kinachowaangusha ni mkono unaoachia mpira kabla ya kuupiga teke, na wasaka vipaji huutazama mkono huo kabla ya miguu.

Shikeni mpira wima, kamba zikielekea mbele, vidole vimetanuliwa pande zote mbili. Anayepigia kulia aushushe kwa mkono wa kulia mpaka usawa wa nyonga, kisha auachie tu. Msiurushe juu! Ukiachiwa kifuani, upepo unaupindua, unafika mguuni umelala na kuchepuka. Kaza kifundo, nyosha vidole vya mguu, daluga ipige ncha ya chini. Ukiona mpira unajiviringisha kurudi nyuma angani, umepatia. Halafu mguu wa kushoto vivyo hivyo, mipira 50 kwa siku, mita 20 zinatosha kuanzia. Beki akishajua una mguu mmoja, kazi yake imekwisha.

Njia ya kufika ligi kuu mnaijua: mazoezi ya klabu Jumanne na Alhamisi jioni, mechi Jumamosi. Kikosi cha vijana wa chini ya miaka 18 kwa wa Mildura ni Bendigo Pioneers, kwa wa Shepparton ni Murray Bushrangers. Mildura hadi Bendigo ni kilomita 400 hivi, na wazazi wenu wako kwenye mizabibu. Ombeni lifti klabuni mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Drafti, yaani siku klabu za ligi kuu zinapochagua wachezaji wapya, ni Novemba, nawe uwe umetimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba. Ukikosa, kuna drafti ya katikati ya msimu, ilirudishwa 2019. Aliyezaliwa Afrika, au mwenye mzazi wa huko, aulizie pia akademi ya klabu kubwa inayosimamia eneo lake. Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma, alichaguliwa 2013 na klabu ya Sydney, lakini mechi yake ya kwanza ligi kuu ilikuja 2016. Miaka yote hiyo katikati ni mazoezi.

La mwisho ni kichwa. Ukigongwa ukaona nyota, toka, hata kama ni fainali. Kwa ngazi yenu, mapumziko ni siku 21 angalau kabla ya kurudi kwenye mechi, na 14 bila dalili yoyote kabla ya mazoezi ya kugongana. Ukificha, mama atajua kabla ya daktari: chakula hukigusi, taa inakukera, umelala saa nane mchana.