Barua ya wazi kwa vijana wa programu wa Mtwara na Lindi: msihesabu namba ambayo haijafika

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mlioko Shangani na Chikongola, na wenzenu wa Lindi mjini, Masasi na Nachingwea. Mmezoea kuniona nikikaa pembeni na kuuliza maswali. Safari hii nimeandika, kwa sababu msimu wa korosho umekaribia na programu ya simu ya malipo ya korosho mnayoitengeneza itafunguliwa na wakulima wanaodaiwa salfa ya mikorosho na ada za shule.

Nimepitia msimbo mlionitumia wa skrini ya "Malipo yangu". Kazi ya sura ni safi, sina la kuongeza. Ugonjwa uko nyuma ya sura, na karibu wote mnao: mnazidisha na kutoa namba ambazo bado hazijafika.

Skrini ile inataka vitu vitatu: kilo ambazo mkulima amepeleka chama cha msingi, bei ya mnada uliouza mzigo huo, na makato yake. Kila kimoja kinaombwa seva kivyake na kinarudi kwa mwendo wake. Mwenzenu mmoja aliona programu inaanguka kila kilo zikichelewa, akaamua kila namba ianze na sifuri. Kweli, programu iliacha kuanguka. Badala yake ikafunguka na kuandika "Malipo: Sh 0". Makato yakawahi kufika, shilingi 63,000 za pembejeo, skrini ikaandika "Malipo: Sh -63,000". Bei ikaingia, haikubadilisha kitu kwa kuwa kilo bado zilikuwa sifuri. Kilo zilipokuja ndipo hesabu ikakaa sawa.

Hapa mjini hayo yote hupita kufumba na kufumbua, na ndiyo maana hamkuyaona. Huko Mahuta, au ndani kabisa Liwale, mtu anaweza kukaa na ile hasi mkononi dakika nzima, na bando likikatika papo hapo anaondoka nayo kichwani. Huyo hatawapigia nyinyi simu. Atakwenda kugombana na karani wa chama, na mwakani mtu wa kangomba, anayenunua korosho kwa magendo nje ya chama, akimgongea usiku na pesa taslimu, atamfungulia mlango.

Sifuri ni jibu kamili. Inamwambia mkulima kwamba tumehesabu na hana kitu. Orodha tupu nayo ni jibu, na hata neno "Hakuna" mnaloliweka wakati data haijaja ni jibu. Ukiwa hujajua, msimbo wako useme hujajua.

Kwa hiyo msiibebe thamani ya kusubiriwa kama namba tupu. Ibebeni pamoja na hali yake, na hali ziko tatu: inasubiriwa, imefika, imeshindikana. Anayetumia Flutter, chombo cha kujengea programu za simu, na Riverpod, maktaba yake ya kushika data, amekwisha kupewa kitu hicho, kinaitwa AsyncValue. Wa lugha za Kotlin au TypeScript mnaweza kujiundia kwa mistari michache. Sitaki ugomvi wa vyombo, kila mtu atumie alichonacho.

Mkishafanya hivyo mtakutana na jambo linalowafanya wengi warudi kwenye sifuri. Thamani mbili zenye hali tatu kila moja zinatoa michanganyiko 9. Tatu zinatoa 27. Nimeona mmoja wenu ameanza kuiandika yote kwa "kama hivi na vile, vinginevyo kama vile na hivi", mpaka msimbo umeinama kulia kama mnazi wa pwani. Haihitajiki. Andikeni kazi moja ndogo (function), iiteni `unganisha`, yenye kanuni tatu zinazosomwa kwa mpangilio huu: zote zikiwa zimefika, fanya hesabu; yoyote ikiwa imeshindikana, jibu limeshindikana, na sababu yake ipite; vinginevyo, jibu linasubiriwa. Michanganyiko yote 27 inaingia humo. Kazi hiyo haijui korosho wala bei, kwa hiyo mtaitumia kila mahali, na skrini yenyewe itapokea kitu kimoja chenye hali tatu badala ya vitu vitatu vyenye ishirini na saba. Hesabu ya malipo ikae hapo, nje ya skrini. Skrini ichore tu.

Mtaona nimetanguliza kushindikana mbele ya kusubiri. Wapo wanaotaka kwanza kila ombi lijibu ndipo waseme limeharibika. Kwa skrini ya malipo napinga: kama bei haipatikani, hakuna haja ya kumzungushia mkulima duara kwa ajili ya makato. Mwambieni mapema, na kitufe cha kujaribu tena kiwe hapo.

Kuna hali nyingine ambayo haimo katika hizo tatu lakini kwa watu wetu ndiyo ya kila siku. Namba ya jana ipo kwenye simu na mpya inatafutwa. Msiifute ile ya jana na kuweka duara linalozunguka. Iacheni, na chini yake andikeni "hadi jana saa 4:10 asubuhi". AsyncValue huweza kushika thamani ya awali wakati inasasisha. Kama chombo chenu hakifanyi hivyo, ongezeni wenyewe.

Sasa tuje kwenye kuunganisha kwenyewe, maana hapa ndipo mnapochagua opereta, yaani amri ya kuunganishia, kwa mazoea. Kabla ya kuandika chochote, ulizeni: hivi vitu viwili vinategemeana? Kilo na makato ya mkulima havitegemeani. Ukishajua namba ya uanachama, vyote unaweza kuviomba kwa wakati mmoja. Lakini katika msimbo wenu nimekuta `await` (neno linalousimamisha msimbo mpaka jibu lije) ya kilo, kisha `await` ya bei, kisha `await` ya makato, kila moja inangoja iliyotangulia bila sababu. Ni sawa na kumtuma mtoto kisimani, ukakaa barazani mpaka arudi, ndipo umtume mwenzake dukani kuchukua sukari. Kama kilo huchukua sekunde 2, bei 3 na makato 1, kwa foleni mkulima anangoja 6, na kwa pamoja anangoja 3. Foleni ina haki yake pale tu jibu la kwanza linapohitajika ili kuuliza la pili, kama vile kupata kwanza namba ya mnada ndipo uombe bei ya mnada huo.

Kwa thamani zinazokuja mara moja tu, JavaScript ina Promise.all, ambayo ikishindwa moja jibu zima linashindwa, na tangu toleo la 2020 la lugha hiyo kuna Promise.allSettled, ambayo hungoja zote na kukurudishia hali ya kila moja. Rx, maktaba ya kushughulikia mikondo, yaani thamani zinazokuja moja baada ya nyingine, ina forkJoin, inayongoja kila mkondo umalizike na kuchukua thamani ya mwisho ya kila mmoja. Angalieni hilo neno "umalizike": mkondo wa bei unaobaki wazi ukisubiri mabadiliko haumaliziki, na forkJoin itangoja nao bila kusema lolote. Skrini nyeupe, hakuna hitilafu, hakuna ujumbe.

Kwa mikondo inayoendelea kutoa thamani mpya, mnazo combineLatest, zip na withLatestFrom. combineLatest hungoja kila mkondo utoe angalau thamani moja, kisha hutoa jibu jipya kila mmoja wao anapobadilika. zip hulinganisha kwa nafasi, cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili. withLatestFrom humsikiliza mmoja tu, na akisema ndipo inapochungulia wengine wana nini.

Hiyo zip iogopeni kwenye habari za minada. Kijana mmoja aliitumia akiamini kilo za mnada wa kwanza zitakutana na bei ya mnada wa kwanza. Lakini mkulima anaweza asiwe na mzigo katika mnada fulani. Mkondo wa kilo ukiruka mnada wa pili na wa bei usiruke, kuanzia hapo kila kilo zinazidishwa na bei ya mnada mwingine, na hesabu inaonekana ya kawaida kabisa. Vitu vyenye utambulisho huunganishwa kwa utambulisho wao. Kila kilo na kila bei ije na namba ya mnada wake, na mkiona namba hazifanani, msizidishe.

Mliobaki mmetumia combineLatest, na nyinyi nanyi mna shimo lenu. Tuseme mkulima ana kilo 420 katika mnada wa tatu kwa bei ya shilingi 3,100, na kilo 180 katika mnada wa nne kwa shilingi 2,850. Namba za mfano tu, msizinukuu. Anagusa "mnada wa nne". Mkondo wa kilo na mkondo wa bei yote miwili inafuata namba ya mnada, kwa hiyo yote inakwenda kuomba upya. Kilo zinatangulia kurudi: 180. combineLatest bado imeshika bei ya zamani, 3,100, nayo haioni ubaya wowote. Inatoa 558,000. Jibu la kweli ni 513,000. Bei mpya ikifika itajirekebisha, lakini kwa muda huo mkulima ameonyeshwa shilingi 45,000 ambazo hazipo popote, na ombi la bei likikwama, zitabaki hapo. Waandishi wa mtindo wa riaktivu, ambamo hesabu hujirudia yenyewe data ikibadilika, wanalijua tatizo hili miaka mingi: chanzo kimoja kinagawanyika njia mbili, njia zinakutana tena mbele, na katikati yake unachungulia mchanganyiko wa jipya na la zamani. Wengine wamelitibu ndani ya maktaba zao. combineLatest hailitibu.

Dawa yake ni kuanzia kwenye chanzo. Shikeni mkondo wa namba ya mnada, na kwa kila namba mpya, kwa switchMap, fungueni ombi la kilo na la bei upya na mziunganishe humo ndani. switchMap huacha kuyasikiliza ya mnada uliopita, kwa hiyo jibu lake likichelewa kuja halitaingia kwenye hesabu ya mnada mwingine. Na mwanzoni mwa kila namba mpya toeni hali ya "inasubiriwa", ili namba ya mnada wa tatu isibaki chini ya kichwa cha habari cha mnada wa nne. Ukifanya hivyo, bei na kilo zinazokutana ni za mnada mmoja kwa jinsi msimbo ulivyojengwa, huhitaji kukumbuka kukagua.

Kuhusu hitilafu nitasema kifupi, ingawa limewaumiza wengi. Katika Rx hitilafu ikipita kwenye mkondo, mkondo huo umekwisha, na combineLatest iliyokuwa ikiusikiliza imekwisha nao. Nimeona picha ya mkulima ikikosekana na skrini nzima ya malipo ikakata roho. Kamateni hitilafu karibu na chanzo chake, ndani ya mkondo husika kabla haujaunganishwa, na muigeuze kuwa hali ya "imeshindikana". Halafu gawanyeni: bila kilo, bei na makato hakuna malipo ya kuonyesha; lakini picha, salamu na hali ya hewa si sehemu ya `unganisha`. Vichoreni pembeni, vije visije.

Tena msidhani mtandao mbovu huleta hitilafu. Mara nyingi hauleti chochote. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Maombi mengi hayakukataliwa, yalining'inia tu. Thamani inayoning'inia inasubiriwa milele, na `unganisha` yenu kwa uaminifu mkubwa itasubiri nayo. Kila ombi liwekeeni kikomo cha muda, na muda ukipita liwe limeshindikana. Sekunde ngapi, mkapime Newala na Kilwa, si kwenye ofisi yenye waya.

Wazo hili lote la kuunganisha thamani zinazobadilika si geni, hata kama kwenu limeingia juzi. Watafiti Conal Elliott na Paul Hudak walikuwa wameliandika mwaka 1997, na Erik Meijer na wenzake pale Microsoft ndio waliotupa Rx. Nalitaja ili mkisoma kitu cha zamani msikitupe kwa umri wake.

La mwisho ni majaribio. Thamani tatu zinaweza kufika kwa mpangilio wa namna 6. Andikeni majaribio 6, kila moja na mpangilio wake, kwa kuchelewesha majibu makusudi, na katika kila hatua mhakikishe skrini haikuonyesha namba kabla zote hazijafika. Kisha rudieni mkiwa na moja iliyoshindikana, na tena moja isiyojibu kabisa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na mkimaliza nitumieni matokeo. Atakayekwama kwenye switchMap aje Mikindani jioni baada ya alasiri, aje na kompyuta iliyojaa chaji, kwa maana umeme wetu mnaujua.

Mzee wenu,
Mikindani