Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mawe, Vyura na Mijusi ya Mwanza

Ndugu wanachama,

Naanza na mawe, kwa sababu makosa mengi ya safari zetu za kutafuta na kupiga picha vyura na mijusi, tuliyojitahidi kuyarekebisha mwaka huu, yalianzia huko.

Vilima vya Mwanza ni vya itale. Jiwe hilo hupata moto mchana na kupoa usiku, na baada ya miaka mingi mno tabaka la juu humenyuka kama ganda la kitunguu. Kati ya tabaka hilo na jiwe mama hubaki ufa mwembamba, na humo ndimo wanamojificha mijusi, nge na kobe chapati. Bamba la namna hiyo likishabanduliwa kwa mtaimbo halikai tena kama lilivyokuwa. Utalilaza ukaridhika kwa macho, lakini ufa uliokuwa wa sentimita nne utakuwa wa saba upande mmoja na upande wa pili umezibika kabisa. Upepo utapita, unyevu utakauka, na mnyama atahama au ataliwa akitafuta pengine pa kujificha. Hakuna mwanachama atakayeishi hadi aone ufa mwingine ukizaliwa.

Kobe chapati, Malacochersus tornieri, anatuhusu sisi wa huku kwa namna ya pekee. Kielelezo alichokitumia mtaalamu wa wanyama Siebenrock kumpa jina la kisayansi mwaka 1903 kilitoka Busisi, ng'ambo ya Ghuba ya Smith, pale pale ambapo leo magari yanateremkia kutoka daraja la Kigongo–Busisi. Gamba lake linabonyea, urefu wake ni kama sentimita 15 hadi 18, na kimo chake ni sentimita tatu au nne tu. Akishtuliwa hajikunyati akasubiri kama kobe wengine. Hukimbia, huingia ufani na kujikaza kwa miguu hata asivutike. Jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara moja, kwa hiyo kilima kilichoporwa hakijazi pengo haraka. Wakusanyaji wa biashara walifikia kutumia jeki za magari kupanua nyufa: waliondoka na kobe, na nyumba wakaiacha imevunjika. Tangu 2019 kobe huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Kwa hiyo bamba lolote lililolala juu ya jiwe mama haliinuliwi. Haliguswi hata kwa kidole. Tunachungulia kwa kioo kidogo cha mfukoni: simama jua likiwa mbele yako, lishike kwa kioo, urudishe mwanga ndani ya ufa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Mwanga wa kioo unafika mbali kuliko tochi ya simu na humwezesha mtu kupiga picha bila flashi. Ukiona kobe, piga picha mbili au tatu, ondoa kioo, ondoka. Picha yake isisambazwe ikiwa na taarifa za mahali. Zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupanda kilima, maana ukizima baadaye picha zilizokwisha kupigwa tayari zina namba za mahali ndani yake.

Mawe yaliyolegea, yale ambayo mtu mmoja anayaweza bila kuhema, yanaruhusiwa kwa utaratibu huu. Simama upande wa juu wa mteremko, ulivute jiwe kwa ndoano ulielekeze kwako, ili ukingo wake wa mbali ufunguke na chochote kilichomo kipate njia ya kutoka kwa mbele, mbali na miguu yako. Vidole havitangulii. Mnyama akibaki pale pale, mtoe kwanza, laza jiwe, kisha mwachie ukingoni aingie mwenyewe. Kosa la kumshushia mjusi jiwe mgongoni limewahi kutokea kwa watu wazoefu kabisa, kwa haraka tu. Uso wenye kuvu kavu za kijivu ndio wa juu. Uso mweusi wenye unyevu ndio wa chini. Jiwe lililogeuzwa linaua vyote viwili, kuvu na wadudu, na mwezi ukiisha chini yake hakuna cha kuliwa na mjusi.

Sasa picha. Wengi wetu tulivutwa kwenye chama hiki na mjusi mmoja, Agama mwanzae, ambaye mtaalamu wa wanyama Loveridge alimpa jina la mji wetu mwaka 1923. Dume ana kichwa, shingo na mabega ya waridi-jekundu na mwili wa bluu iliyokolea. Jike ni wa kahawia. Mijusi wa Capri Point na wa kisiwa cha Saanane wamezoea watu, na huko ndiko pa kujifunzia. Saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kabla ya hapo dume bado ni baridi na rangi yake imefifia. Baada ya hapo jiwe linaunguza na wote wanaingia kivulini. Msogelee kwa mshazari, umeinama, ukimwangalia kwa pembeni, na kivuli chako kisimguse. Akianza kupiga kichwa juu chini, simama. Rangi ikianza kupauka mbele ya macho yako, hiyo ni hofu, rudi nyuma hatua tano na usubiri. Kwa kamera tumia kasi ya 1/500 au zaidi, na punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), kwa sababu nyekundu ya shingoni hujaa haraka na kuwa doa tupu lisilo na magamba. Kamera iwe usawa wa jicho lake, maana picha iliyopigwa kutoka juu inamfanya kila mjusi aonekane gundi iliyomwagika.

Desturi ya kumweka mjusi au chura kwenye friji ili atulie apigwe picha hatuikubali. Mnyama aliyepozwa hivyo hawezi kukimbia mwewe wala nyoka kwa muda mrefu baada ya kuachiwa, na picha yenyewe inamsaliti mpigaji: macho yamezama, miguu imekaa isivyo.

Vyura wanatafutwa usiku, kuanzia saa mbili hadi saa tano, hasa siku mbili za mwanzo baada ya mvua kubwa ya vuli au masika. Kabla ya kwenda, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji apewe taarifa, na sungusungu nao wajulishwe. Watu wanaozunguka na tochi kwenye majaruba na mawe usiku, katika nchi ya Usukuma, wana maelezo ya kutoa, na ni heri yatolewe mchana. Mara nyingi wazee huuliza kama tunatafuta dawa. Wakielewa tunachofanya hutusimulia habari za Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka wa Kisukuma, ambao ngoma yao na chatu ni maarufu, na habari hizo zinastahili kuandikwa katika daftari letu kwa heshima ile ile tunayoandika majina ya Kilatini.

Sikiliza kwanza, washa tochi baadaye. Chura aitwaye Kassina senegalensis hutoa mlio mmoja mmoja kama kizibo kinachochomolewa chupani, naye huita akiwa amejificha chini ya nyasi, kwa hiyo watu wawili wasimame mbali kidogo na kila mmoja aonyeshe kwa mkono sauti inapotoka. Mikono inapokutana ndipo alipo. Rekodi sauti kwa simu angalau sekunde 30, kisha taja kwa mdomo tarehe, saa, mahali na hali ya mvua kwenye rekodi hiyo hiyo. Karatasi hulowa na kupotea.

Flashi bila kichujio inaacha doa jeupe kwenye ngozi yenye maji. Kata kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula la lita tano, kikunje mbele ya flashi kama paa, na ndani upande wa juu bandika karatasi ya fedha ya jikoni. Kwa picha za karibu weka tundu la lenzi f/8 hadi f/11, kasi 1/160, ISO 200 hadi 400. Mikono iwe imelowa maji ya bwawa lile lile, na isiwe na dawa ya mbu. Ngozi ya chura hunywa kila kinachoigusa.

Jambo moja limewachanganya wanachama wapya kiangazi. Chura mdogo wa matete, Hyperolius viridiflavus, huonekana ameng'ang'ania bua kavu juani, mweupe kama chokaa. Si mgonjwa. Weupe huo unarudisha joto la jua, na maji aliyoyahifadhi mwilini ndiyo yatakayomfikisha kwenye mvua. Ukimshika, akiruka na kukojoa, umemwaga akiba yake. Mpige picha alipo.

Kuhusu kutunza wanyama nyumbani, msimamo ni ule ule: kibali kwanza, banda baadaye. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haimwachi mnyama kwa sababu ni mdogo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane hatutoi kitu, hata jiwe la ukumbusho.

Viluwiluwi ndio darasa bora kwa wenye kibali, na vifo karibu vyote vina sababu tatu. Ya kwanza ni klorini: maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo saa 24, mahali penye hewa. Ya pili ni msongamano na chakula kinachooza. Hesabu lita moja kwa kiluwiluwi mmoja, mpe mchicha uliochemshwa kiasi cha kuisha jioni ile, na badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku mbili. Ya tatu ndiyo inayouma, kwa sababu huja mwishoni. Miguu ya mbele ikitoka, kiluwiluwi anaacha kula na anaishi kwa mkia wake huku mapafu yakianza kazi. Asipopata pa kutokea majini anazama. Siku ile ile punguza maji yabaki sentimita mbili au tatu, inamisha beseni, weka udongo na majani upande mkavu, na funika kwa chandarua, maana vyura wa matete hupanda plastiki kama ukuta. Viluwiluwi wa Xenopus, vyura wanaoishi majini, ni mbali: hawana haja ya nchi kavu, na chakula chao ni cha kuchuja, kwa hiyo mchicha ukaushwe, usagwe uwe vumbi, utiwe kidogo hadi maji yawe na wingu jepesi. Vyura wachanga walishwe wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi siku za mwezi mwandamo. Chandarua chini ya taa hujaza chupa kwa dakika chache.

Kinyonga hatushauri kumfuga. Hanywi kwenye bakuli. Analamba matone kwenye majani, na nyumbani hufa kwa kiu huku bakuli limejaa. Akiwekwa nyuma ya kioo mionzi inayomsaidia kujenga mifupa haipiti, na miguu yake hupinda ndani ya miezi michache.

Buti na nyavu zioshwe kila baada ya bwawa moja. Kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, inayoua vyura, inasafiri kwenye tope. Chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009 baada ya maji ya maporomoko kupungua na kuvu hiyo kuingia, na waliorudishwa Kihansi mwaka 2012 walitoka kwa waliozalishwa Marekani. Sugua tope lote kwanza, kwa sababu tope linaua nguvu ya dawa. Kisha jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa mbili za maji, iache dakika tano, suuza mbali na bwawa, anika juani hadi ikauke kabisa.

Usalama. Ufukweni hatuingii majini bila buti ndefu, kwa ajili ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono wakati wa jua la mchana. Usiku ufukwe ni wa mamba na viboko. Swila akitema sumu machoni, maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20; maziwa na majani hapana. Nyoka wa kijani asishikwe na yeyote kwa kudhani ni ukukwi, nyoka wa kijani asiye na sumu: Dispholidus typus, anayefanana naye lakini mwenye sumu kali, ana kichwa kifupi, jicho kubwa mno na magamba yenye mgongo katikati, na sumu yake hukaa saa nyingi kabla damu haijaanza kutoka, mgonjwa akijiona mzima. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe ubao kama kilichovunjika, apelekwe hospitali. Hakuna kuchanja, kufunga kamba kwa kukaza, wala jiwe la nyoka.

Mkutano mkuu utaombwa kupitisha mambo mawili: kwamba mwanachama atakayebandua bamba la jiwe asimamishwe safari za msimu mzima, na kwamba chama kinunue vioo, ndoano na beseni za kuoshea buti za pamoja. Mweka hazina atasoma mahesabu yake baada yangu. Safari ya kwanza ya vuli itapangwa mvua itakaponyesha siku mbili mfululizo. Kila mtu aje na buti zilizokauka.