Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kushika mali za watu

Wanangu katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Wengi wenu mmeanza kazi. Mmekabidhiwa funguo za stoo na vitabu vya hesabu, na kwa baadhi yenu saini moja tu inatosha kutoa fedha. Mnaimba kwaya, mnafunga, mnaijua Biblia. Hayo peke yake hayatamzuia mtu kuiba. Imani humsaidia mtu kutenda haki, lakini wengi huitafuta saa imeshapita: jaribu likiwa limekaa mezani ndipo waanze kuomba.

Msomeni Danieli, sura ya kwanza. Aliazimu moyoni mapema kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Tena hakugomba na mtu. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa matowashi. Alipoona yule anahofia kichwa chake, akamwendea msimamizi aliyewekwa juu yao, akapendekeza jaribio la siku 10 kwa chakula cha mimea na maji. Nanyi fanyeni hivyo. Wiki ya kwanza ya kazi, andikeni mambo matatu au manne ambayo hamtafanya hata akiamuru nani: kusaini karatasi tupu, kuandika tarehe ya uongo, kupokea chochote kwa mtu anayesubiri uamuzi wako. Kisha mwambie mkubwa wako mapema, kwa adabu. Akiyasikia mapema ataona ndivyo ulivyo. Akiyasikia siku ya dili ataona umemtukana.

Asikudanganye mtu kwamba kukataa kutakuletea cheo. Wale vijana watatu wa Danieli 3, mbele ya tanuru la mfalme, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, sanamu hawataisujudia. Huenda kazi ikakuponyoka kweli.

Kuhusu fedha za pamoja, mfuateni Paulo. Michango kwa ajili ya watakatifu, yaani waamini, wa Yerusalemu hakuisafirisha kwa neno la "tuaminiane". Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, na sababu akaitaja katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Basi wahesabu wawe wawili au zaidi, wasiwe wa nyumba moja, na kiasi kiandikwe na kusainiwa kabla fedha hazijatoka chumbani. Anayesema yeye ameokoka hahitaji kukaguliwa, mkague wa kwanza.

(Wako wasiomwamini Kristo walio waaminifu kutuzidi. Paulo mwenyewe, katika Warumi 2, asema sheria imeandikwa mioyoni mwao. Tusijivune.)

Lakini wako watakaoanguka, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Mara nyingi anguko huanza kwa "nakopa tu, mwisho wa mwezi narudisha". Mwezi ukiisha, deni limekua, na mtu anaanza kubadilisha tarakimu ili kulificha. Aibu ikimzidi, anakimbilia mahali pabaya kuliko pote: anaongeza sadaka. Anampa Mungu fedha ya jirani.

Torati ina utaratibu wake, katika Walawi 6 na Hesabu 5. Mkosaji aungame, arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano. Ulichukua 100, unarudisha 120. Mwenye mali akiwa hayupo na hana jamaa wa karibu, malipo yanakwenda kwa kuhani. Kwa hiyo kufa kwake hakufuti deni. Zakayo, yule mtoza ushuru, alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne. Na Yesu katika Mathayo 5 anamwambia mwenye sadaka mkononi aiache mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na nduguye, ndipo arudi kuitoa.

Kwa hiyo, kaa chini uhesabu kila ulichochukua, hata kidogo. Mwendee mwenye mali mwenyewe, si rafiki yake. Sema: "Nilichukua kiasi hiki, siku hizi, kwa njia hii. Hiki hapa." Usiseme "kama nilikukosea", wala usitaje shida zilizokusukuma, akitaka kuzijua atauliza. Huna fedha yote? Peleka uliyo nayo pamoja na tarehe za malipo yaliyobaki, kwa maandishi. Usichague bahasha isiyo na jina ili kuiokoa sura yako: mwenye mali atabaki akimshuku mtu asiye na hatia. Kabla ya kwenda, mweleze mchungaji au mzee mmoja anayetunza siri, usiyemdai wala asiyekudai, naye akuulize baada ya siku chache kama ulikwenda. Ukimweleza kila mtu, utaonewa huruma kabla hujalipa, na wengi hapo huishia.

Mwenye mali anaweza kukataa kukusamehe, au kukupeleka mbele ya sheria. Lipa vilevile, wala usirudi kumdai msamaha.

Nanyi mtakaoletewa ungamo la namna hii, hesabuni fedha mbele yake, mpeni risiti, msilifanye ushuhuda wa ibada. Msameheni kama Bwana alivyoagiza. Ufunguo wa stoo unaweza kusubiri mwaka mzima, na mwambieni hivyo waziwazi ili asidhani kwamba hajasamehewa.

Mzee wenu