Wito wa harambee: tuwape nafasi wazazi wanaoshinda kazini

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, na kila anayeitakia heri shule hii,

Safari hii hatuombi bati wala saruji. Tunaomba mtuchangie jambo lisiloonekana na mpita njia: mfuko wa kuwawezesha wazazi wanaoshinda kazini, na wanaokesha kazini, kujitolea katika shule ya watoto wao.

Nianze na asubuhi moja. Nilikuwa langoni, walimu wengi hawajafika, akaja mama mmoja amemshika mwanawe mkono. Alikuwa bado kwenye sare ya ulinzi, tochi kwapani, macho mekundu kwa kukesha. Mtoto akaingia, mama akabaki pale pale. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hakuna kazi hapa naweza kufanya sasa hivi, hata dakika 20? Mikutano yenu mnaiita nikiwa nimelala, au nikiwa lindoni." Nikamwambia tutamwita. Nilijua moyoni kwamba hatukuwa na kazi ya kumpa saa ile, wala saa nyingine aliyokuwa nayo. Na katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, kulikuwa na alama za kukosa tangu mwaka uanze. Mwandiko ni wangu mimi, katibu.

Nimelipitia daftari lile upya, jina kwa jina. Ukiwatazama wanaokosa, unakuta muuguzi wa zamu, dereva, mfanyakazi wa nyumbani, kibarua wa ujenzi, mchuuzi ambaye asipotandika biashara leo hana cha leo. Mikutano yetu huitwa saa nane mchana, siku ya kazi. Anayelipwa mshahara wa mwezi ataomba ruhusa, atakuja, atarudi. Anayelipwa kwa siku akija saa nane ameacha ujira wa siku nzima, kwa kuwa hakuna msimamizi atakayemshikia nafasi ya kibarua mpaka saa kumi. Maana yake tumekuwa tukimtoza ada ya kujitolea yule mwenye kidogo kuliko wote, kisha asipoilipa tunasema wazazi wa siku hizi hawajali. Naomba kuanzia leo neno hilo lisisikike tena katika vikao vyetu.

Wapo waliolifikiria jambo hili kabla yetu. Joyce Epstein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, aligawa ushiriki wa wazazi katika aina 6, na kujitolea ni moja kati ya hizo. Ila alilipanua neno lenyewe. Kwake, anayejitolea ni yeyote anayesaidia malengo ya shule na masomo ya watoto kwa njia yoyote, mahali popote na wakati wowote, hata asipokanyaga shuleni saa za masomo. Tulipolisoma hilo katika kamati tulinyamaza kidogo. Kumbe tulikuwa tukihesabu miguu iliyovuka lango tu.

Basi muhula uliopita tukajaribu, kwa kidogo tulichokuwa nacho. Tulitengeneza mkoba wa kazi: vitabu 5 vya maktaba vilivyokatika mgongo, gundi, sindano, uzi mnene, karatasi ya jalada na maelezo ya picha. Mtoto anaondoka nao Ijumaa, anaurudisha baada ya wiki mbili. Mkoba wa kwanza alichukua yule mama mlinzi. Vitabu vilirudi vimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo iliyonyooka, na ndani ya kila jalada mwanawe ameandika kwa penseli: "Kimeshonwa na mama." Hatukuyafuta maneno hayo. Nimewaona watoto wa darasa lile wakivigombania vitabu hivyo 5 huku vingine vizima vimekaa rafuni.

Baba mwingine, dereva wa basi, alisoma hadithi akaituma kwa ujumbe wa sauti. Aliirekodi ndani ya basi likiwa limeegeshwa, akisubiri zamu yake, na honi zinasikika kwa mbali. Mwalimu akaicheza darasani mara 2, watoto wakataka ya tatu. Mwanawe ni wa kukaa nyuma siku zote. Siku hiyo alihamia dawati la mbele bila kuambiwa.

Haya yote yalifanyika kwa gundi aliyoinunua mwalimu mmoja kwa fedha zake. Gundi hiyo imekwisha, na si haki kumrudia yeye. Ndiyo sababu tunaitisha harambee.

Sehemu kubwa ya mchango itaingia kwenye mikoba, iwe mingi na ya kazi mbalimbali: kushona vitabu, kukata kadi za herufi na tarakimu kwa madarasa ya chini, kurekebisha sare zilizochanika za watoto wasio na za kubadilisha. Mzazi ataifanya kwake, usiku au alfajiri, apendavyo.

Sehemu ya pili ni mratibu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu najua kutakuwa na manung'uniko. Tunataka kumlipa mtu mmoja posho ya saa chache kwa wiki. Atasemaje mtu, kujitolea kunalipwa? Hapana. Anayejitolea halipwi. Lakini kumtafutia kila mzazi kazi inayolingana na saa zake, kumpigia simu asiyesoma ujumbe, kuuandaa mkoba, kuupokea, kushukuru, hiyo ni kazi kamili, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuibeba juu ya kusahihisha madaftari. Tumeona huko nyuma: wazazi waliandika majina yao kwa moyo mkunjufu, hakuna aliyewaita, na mwaka uliofuata hawakuandika tena.

Kisha kuna mikutano. Tunataka kila mkutano uitwe mara mbili, jioni moja na Jumamosi moja, ajenda ile ile, kura za pande zote zihesabiwe pamoja. Hapo tunahitaji taa, mlinzi, na chumba chenye mikeka, vya kuchezea na mtu wa kuwaangalia wadogo. Mzazi anayelea peke yake hawezi kuja kujadili masomo ya mkubwa ikiwa hana wa kumwachia mchanga. Tutatenga pia nauli kwa wanaotoka mbali, bila kuwatangaza.

Usalama wa watoto hatutaupunguzia hata kidogo. Kila anayekuja kukaa na wanafunzi atathibitishwa kwanza, atavaa kitambulisho, ataandikwa akiingia na akitoka, na hataachwa peke yake na mtoto. Gharama za hayo nazo zitatoka kwenye mfuko huu.

Fedha zitatolewa kwa saini 3: ya mwalimu mkuu, ya mweka hazina na ya mzazi mmoja asiye mwanakamati. Hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, risiti kwa risiti.

Kwa ninyi waajiri mtakaousoma wito huu, ombi letu ni saa 2 kwa muhula kwa kila mfanyakazi mwenye mtoto shuleni, bila kukatwa ujira. Jambo hili si geni duniani. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na unataka waweze kufanya kazi bila kubaguliwa na, kadiri inavyowezekana, bila kazi kugongana na majukumu hayo. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi. Katika jimbo la California, sheria humruhusu mzazi aliyeajiriwa mahali penye wafanyakazi 25 au zaidi kuchukua hadi saa 40 kwa mwaka kwa shughuli za shule ya mtoto wake. Hatusemi sheria ya California inawafunga ninyi. Tunasema limewezekana kwingine, na saa 2 kwa muhula ni chache mno kuliko 40 kwa mwaka. Mzazi yeyote akitaka barua ya kumpelekea msimamizi wake, mwalimu mkuu ataisaini siku hiyo hiyo.

Na kwa mzazi asiye na fedha ya kutoa: usione haya, wala usikae mbali. Chukua fomu kwa mwalimu wa darasa uandike saa zako, hata zikiwa za usiku wa manane, na kitu unachokijua. Usiandike unachodhani tunakitaka. Kama wewe ni fundi wa milango, andika milango. Kama unajua kusuka, kuhesabu, kusimulia, kupanda miti, andika hivyo. Saa moja kwa muhula mzima tutaipokea kwa heshima ile ile tunayoipokelea bahasha nene.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, asubuhi kwa waliotoka zamu ya usiku na jioni kwa waliotoka zamu ya mchana. Chumba cha watoto kitakuwa wazi mara zote mbili. Mchango wowote, wa fedha, gundi, uzi, mikasi au vitambaa, utapokelewa na mweka hazina mwenyewe na utapewa risiti. Tafadhali msiwape watoto fedha kuzileta. Asiyeweza kufika asubuhi wala jioni aandike kwenye fomu saa anayopatikana, nasi tutampigia saa hiyo.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wazazi na walimu