Jani la tembele linatosha kwa somo la usanisinuru

Ndugu Mhariri,

Shule nyingi bado zinafundisha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa michoro ya ubaoni kwa sababu ya kukosa maabara. Kipimo cha wanga, chakula kinachoonyesha kuwa jani limefanya usanisinuru, kinahitaji jani la tembele, spiriti, iodini na maji ya moto tu.

Siku 2 kabla, funika nusu ya jani kwa karatasi ya foili likiwa bado kwenye mmea. Lichume alasiri, la alfajiri huwa na wanga kidogo. Lichemshe dakika 2, kwani hatua hii ikirukwa iodini haipenyi vizuri. Kisha litie kwenye kikombe cha bati chenye spiriti, ukiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Moto uzimwe kwanza! Mvuke wa spiriti hushika moto upesi, na hapo ndipo wanafunzi huungua. Jani likishapauka hukakamaa na kukatika ovyo, kwa hiyo lichovye kwenye maji ya uvuguvugu, litandaze kwenye sahani nyeupe, ulidondoshee iodini. Nusu iliyopigwa jua inageuka buluu inayokaribia weusi. Iliyofunikwa inabaki na ukahawia wa iodini.

Tunawasihi walimu wasitoe jibu mapema. Wanafunzi waandike kwanza wanachotarajia kuona.

Walimu wa Biolojia,
Morogoro