Usiweke dole gumba kwenye ile karatasi

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi, na pole tena. Tangu tulipoongea Jumapili silali vizuri. Uliligusia lile jambo harakaharaka kama si kitu: kwamba msimamizi wenu wa ghala la tumbaku alikuja hapo Isevya, Tabora, na karatasi ya kuacha kazi imeshachapwa, na kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa hogo, akatoa mfukoni kidau cha wino uweke dole gumba la kushoto. Ukamwambia arudi wiki ijayo Baba Neema akiwepo. Mungu akubariki kwa kumchelewesha.

Simu ingetosha, lakini nataka shemeji aisome kwa macho yake, na wewe uirudie siku yule mtu akibisha hodi. Usiweke dole gumba.

Ule mstari ulionisomea, "nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na hali ya afya", naujua. Mimi niliusaini. Sikuwahi kukwambia, nilikuwa naona aibu. Unakumbuka nilipokuwa napika kwenye ile nyumba ya wageni, mgongo ukaanza kunikatalia. Siku hiyo nilikuwa nimeegemea friji la jikoni kwa sababu nikikaa siwezi kuinuka. Mhasibu akaja na karatasi, akaniwekea juu ya ubao wa kukatia nyama, akasema ni utaratibu tu, nikipona nitarudi. Kulikuwa na bahasha ya shilingi 300,000. Nilisaini nimesimama. Ubao ulikuwa na maji, karatasi ikaloa pembeni, na hilo doa bado lipo kwenye nakala yangu.

Sikujua kwamba sheria ya ajira ya 2004 ilinipa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 nyingine kwa nusu. Nilikuwa nimetumia tisa.

Baada ya wiki mbili nikaenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Dada wa dirishani aliisoma ile barua, akaigeuza nyuma, akaniuliza taratibu: "Mama, uliachishwa au uliacha mwenyewe?" Hapo ndipo nikaelewa nilichosaini. Fao la kukosa ajira ni la mtu ambaye kazi imeisha si kwa kutaka kwake. Awe amechangia angalau miezi 18, analipwa theluthi ya mshahara, yaani asilimia 33.3, kwa miezi sita. Miezi nilikuwa nayo. Kilichoniangusha ni neno "hiari".

Nikauliza pensheni ya ulemavu. Ile nayo ina mlango wake: bodi ya madaktari ithibitishe kwamba umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na kwa mtu kama mimi michango isiwe chini ya miezi 36, kati yake 12 iwe ile ya mwisho kabla ya kuumia. Mimi nilikatwa michango kwenye mshahara miezi 30. Iliyofika kwenye mfuko ilikuwa 26. Kwa hiyo huku michango haikutosha, na kule sikuwa niliyeachishwa. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ilikuwa siku ya 41, na malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa yafike ndani ya siku 30. Leo najua mtu anaweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu. Siku ile nilikunja karatasi zangu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa lako, shoga yangu. Lako si kama langu, wewe uliumia kazini. Robota la tumbaku lilikuangukia ghalani, saa za kazi, ukiwa kwenye kazi waliyokupangia. Hiyo ni shughuli ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu ulianza kazi mwaka 2015, na anayeuchangia ni mwajiri peke yake, hukatwi hata senti. Kwa hiyo hiyo hela si huruma ya bosi wako, na kuidai si kumgombeza.

Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, mfuko unalipa asilimia 70 ya mshahara wako, na unaweza kwenda hivyo mpaka miezi 24. Matibabu ni juu yao. Mkono ukishatulia, daktari anapima umebaki na ulemavu wa asilimia ngapi: ukiwa 30 au chini yake unalipwa mara moja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa mtu aliyewekewa chuma mkononi na ambaye kazi yake yote ni kunyanyua, kipimo hicho ni cha maana sana. Usikubali mtu akwambie "umepona" kwa sababu tu hogo limetolewa.

Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku saba za kazi baada ya kuarifiwa. Kama hajaripoti, usikae kumsubiri. Nenda mwenyewe ofisi ya kazi ya mkoa hapo Tabora, useme umeumia kazini na unataka taarifa ifike WCF. Madai hayatakiwi kuvuka miezi 12. Najua inaonekana mbali, lakini mgonjwa siku zinampita bila kuziona.

Shemeji Baba Neema, hapa naongea na wewe kwa heshima zote. Najua ada inadaiwa, na zile 400,000 taslimu wanazompa aweke dole ni hela. Ila tuhesabu pamoja. Mama Neema analipwa 250,000. Asilimia 70 ni 175,000 kwa mwezi. Hicho kifuta jasho chao hakifiki hata miezi mitatu, na mkono wake hautapona ndani ya miezi mitatu. Akishaweka dole pale, ataonekana aliondoka kwa kupenda, na fao la kukosa ajira litakuwa limekwenda. Unaogopa watamfukuza. Wakitaka kumfukuza, waandike wao barua yao, kwa jina lao na sababu yao. Barua hiyo ataipeleka CMA kabla siku 30 hazijaisha, na NSSF nako itamsaidia. Kuumia hakumalizi ajira ya mtu.

Shoga, kuna jambo lingine nataka uliangalie. Usiseme ofisi hii kwamba huwezi kazi kabisa, kisha ofisi nyingine kwamba mzima unatafuta kazi. Sema ukweli uleule kila mahali: mkono wa kulia haunyanyui, daktari amesema hivi, nilifanya kazi hii tangu mwaka huu. Na uende NSSF uombe taarifa ya michango yako sasa, usije ukakuta mapengo kama yangu.

Mimi siku hizi nauza dagaa na migebuka nikiwa nimekaa kwenye kigoda hapa sokoni Mwanga, kijana wa jirani ananibebea. Tumeunda kikundi na wenzangu wenye ulemavu, tumeomba ule mkopo wa halmashauri, kwenye ile asilimia mbili ya mapato yao wanayowatengea wenye ulemavu. Tunasubiri. Usinionee huruma, ila sitaki nikuone na wewe umefika hapa kwa njia niliyopita mimi.

Kijana anayekuletea barua hii ana ndoo ya mawese na dagaa kidogo, amepanda nayo treni. Ndoo usimrudishie tupu, nataka asali. Ijumaa nikipata nafasi nami napanda, Jumatatu tuamkie ofisi ya kazi wote wawili.

Kabla sijafika, zile picha za eksirei ulisema umeziweka chini ya godoro. Zitoe, zitakunjika. Zilaze juu ya kabati pamoja na kadi ya hospitali, kitambulisho cha kazi na hati za mshahara. Halafu mwite Neema na daftari. Wewe umtajie, yeye aandike: tarehe, saa, robota lilikuwa safu ya ngapi, nani alikuagiza, na yule dada wa kwenye mizani aliyekuvuta ukatoka chini yake. Aandike leo hii usiku, wakati bado unakumbuka vizuri.

Wako,
Mama Tunu