Anayenunua redio ya masafa mafupi asianzie kwenye wati

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, baada ya kupata leseni ya redio ya ridhaa, aliuliza anunue redio gani ya bei ya kati kwa ajili ya kituo chake cha nyumbani. Jibu alilopewa, kwamba atafute yenye wati nyingi kadiri mfuko wake utakavyoruhusu, limenisumbua, kwa sababu ndilo nililopewa mimi nilipoanza, na liliniingiza hasara. Wasioujua mchezo wetu wafahamu kwamba hatuzungumzii redio ya kusikilizia matangazo, bali ile inayopokea na kurusha, jamaa ya simu ya upepo, ambayo mwenye leseni huitumia kuzungumza na wenzake wa mabara mengine bila mnara wala intaneti.

Redio nyingi za daraja hilo hurusha wati 100. Ndivyo zilivyo Icom IC-7300, Yaesu FTDX10 na FT-710, na vilevile Kenwood TS-590SG, kwa hiyo wati haziwezi kumsaidia kuchagua kati yao. Hata angepata ya wati 200, angeongeza desibeli 3 tu (desibeli hupima tofauti ya nguvu), yaani nusu ya alama moja kwenye kipimo cha mapokezi cha yule anayemsikiliza kule Ulaya.

Jambo la kuulizwa kwanza ni umeme. IC-7300 inapopokea hutumia takriban ampea moja, lakini inaporusha kwa nguvu zote hufikia ampea 21 kwa volti 13.8, na mtengenezaji anaruhusu volti hizo zipungue kwa asilimia 15 tu, maana yake zisishuke chini ya 11.7. Pawa saplai yangu ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika, nikahamia kwenye betri ya sola, nikaiunganisha na redio kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, wenye urefu wa mita 3. Kila nilipobonyeza maikrofoni na kupaza sauti, redio ilizimika. Niliamini nimeuziwa redio mbovu, hadi nilipokaa chini nikapiga hesabu na kuona kwamba waya ule, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.9 ampea 21 zinapopita, na hivyo betri yenye volti 12.5 ilikuwa ikiifikishia redio volti 11.6. Waya wa milimita 6 za mraba ulimaliza tatizo lote kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na redio nyingine niliyokuwa karibu kuiagiza.

Wapo wanaochagua kwa kufuata jedwali la vipimo linalotolewa na Mmarekani Rob Sherwood, ambalo hupanga redio kwa uwezo wa kusikia kituo dhaifu kilicho kilohezi 2 tu kutoka kwenye kituo chenye nguvu. Kwa kipimo hicho FTDX10 inaipita IC-7300 kwa mbali, na sina ubishi na vipimo vyenyewe. Ninachouliza ni kama tatizo hilo ni letu. Mtu wa Ujerumani, mwisho wa juma la mashindano ya redio, amezungukwa na majirani mamia wanaorusha kwa wakati mmoja. Mimi hapa Tanga jirani wa kunizibia masikio sina. Kinachoniziba ni radi za masika, zinazoifanya bendi ya mita 80 (bendi ni kundi la masafa, na huitwa kwa urefu wa wimbi lake) isisikilizike usiku, pamoja na taa za LED, chaja za simu, inveta, na kontrola ya sola iliyo juu ya paa langu mwenyewe. Dhidi ya adui wa aina hiyo, msaada mkubwa ni kioo kinachochora mawimbi ya bendi nzima, kwa kuwa mtu huzima kifaa kimoja kimoja ndani ya nyumba huku akitazama ni mstari upi unatoweka. Kioo hicho kimo katika IC-7300, FTDX10 na FT-710. TS-590SG haina, ingawa kwa anayependa vitufe na vifundo vya kuzungusha ni redio ya kutegemewa, na iliyotumika hupatikana kwa bei nzuri.

Aangalie pia kama redio ina ndani yake kadi ya sauti, inayoiunganisha na kompyuta, na tyuna, inayoilinganisha redio na antena. Tangu mwaka 2017 ulipoanza mtindo wa mawasiliano wa FT8, ambao kompyuta hurusha ujumbe mfupi kwa vipindi vya sekunde 15, kijana mwenye wati 20 na waya mnyonge ameweza kuwafikia watu ambao kwa sauti asingewapata. Yaesu FT-891 ni nafuu na imara, lakini haina kadi hiyo wala tyuna, na akishavinunua pembeni, unafuu wake unapungua sana. Joto la pwani nalo lisisahauliwe: katika FT8 redio hurusha mfululizo kwa sekunde karibu 13 na hupata moto, kwa hiyo nguvu zipunguzwe; wati 30 zinatosha.

Kama ningekuwa na dola 1,500 leo, ningechukua IC-7300 au FT-710, na fedha iliyobaki isingekwenda kwenye redio hata senti moja. Ingekwenda kwenye antena, waya mnene na betri. Antena ya nusu wimbi kwa mita 20 ina urefu wa takriban mita 10, na ya mita 40 inafika mita 20. Waya wa shaba, kebo nzuri na minazi miwili vinatosha, mradi utandazwe mashariki hadi magharibi, kwa kuwa antena hiyo hurusha zaidi ubavuni mwake, na kutoka hapa Ulaya iko kaskazini. Viungo vifungwe visiingiwe na hewa ya chumvi, ambayo huila shaba.

Ikiwa msomaji huyo hajatuma fedha bado, namwomba apime kwanza, kwa utepe, umbali kutoka betri ilipo hadi meza atakayoiwekea redio.

Mpiga redio wa ridhaa,
Tanga